Ukarabati wa Kompyuta za Kale Mjini Mtwara

Karibu na soko kuu la Mtwara yupo fundi wa vifaa vya elektroniki anayepokea pia kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, nami nilimpelekea ZX Spectrum, mashine ya Uingereza iliyotoka mwaka 1982 ikiwa na vitufe vya mpira. Uangalifu wake ulinifurahisha mno: kabla ya kuiwasha aliipima adapta, kwa kuwa ncha ya katikati ya plagi yake ni hasi, kinyume na adapta nyingi za siku hizi, na kuchomeka isiyo yake kunaweza kuiunguza mashine. Alibadilisha kapasita (vipuri vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme) zilizochoka na utando wa kibodi uliokatika, kisha akanirudishia vipuri vya awali ndani ya bahasha, jambo ambalo wakusanyaji hulithamini sana.

Kuhusu thamani, hata hivyo, ushauri wake haukuniridhisha, kwani anaamini kuwa umri pekee hupandisha bei. Sivyo. Apple-1, kompyuta ya kwanza ya kampuni ya Apple, ya mwaka 1976, ambazo zilitengenezwa takriban 200 tu, huuzwa mnadani kwa mamia ya maelfu ya dola, ilhali Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1982, iliyouzwa kwa mamilioni, haina bei ya kutisha, isipokuwa ikiwa na boksi lake, vitabu vyake na ganda lisilogeuka manjano.

Gharama zake ni za haki, na kwa mji wa pwani kama wetu, ambako hewa ya chumvi hula miguu ya vipuri, ninaipendekeza huduma hii bila kusita. Mwenye mashine amsisitizie tu asisafishe ganda kwa tina, yaani kiyeyusha rangi, maana maandishi hufutika.