aiohttp kwa laini moja ya terminali: naipenda, ila chunga --path

Ba kaka na ba dada wenye mnaandika Python, leo naongea juu ya aiohttp, maktaba ya Python ya kutengeneza seva za wavuti, tena si yote, ni ile njia yake ya kuwasha seva kutoka terminali tu. Niko Bukavu, nilitengeneza kaprogramu kadogo ka kuandika madeni ya wateja kwa ba mama wawili wanauza unga, moja Kadutu mwengine Nyawera, na kila mmoja hataki madeni yake yachanganyike na ya mwenzake, wako na haki kabisa. Mbele nilikuwa na kodi (code) mbili za programu karibu sawasawa, narekebisha huku nasahau kule, ilinichosha sana.

Sasa naandika hivi:

python -m aiohttp.web -H 0.0.0.0 -P 8081 madeni:anza --duka kadutu

Ya Nyawera naweka poti 8082 na jina la duka lake, basi, kodi ni ile ile. "madeni" ni faili, "anza" ni fonksioni yenye inapokea argumenti zote zenye aiohttp haikuzitambua, halafu inarudisha Application, ni kusema programu yenyewe yenye seva itawasha. Hiyo njo kitu ilinifurahisha zaidi, sikuandika hata laini moja ya kuwasha seva.

Ukiacha -H (adresi; 0.0.0.0 inaruhusu hata simu zingine zifike) na -P (poti), inafunguka kwa localhost, ni kusema ndani ya mashini yako tu, poti 8080, na simu ya mama haitaiona hata mkiwa kwa wifi moja, mimi nilipoteza asubuhi nzima juu ya hiyo. Ingine: nilitaka kutuma faili ya madeni kwa --path, naangalia, fonksioni inapata liste tupu!! Kumbe --path ni ya aiohttp yenyewe, sawa na -U, ni ya soketi ya Unix, faili yenye programu za mashini moja zinapitia kuongea. Nikabadilisha jina, ikaenda.

Pia usiweke time.sleep ndani, inasimamisha seva nzima, ba simu yote itangoja, tumia await asyncio.sleep.

Chenye sipendi: ukibadilisha kodi haijiwashi upya, ni Ctrl+C na kuanza tena kila mara. Kama hiyo inakusumbua weka aiohttp-devtools, iko na komandi adev runserver, inafanya yenyewe.

Mega (data ya intaneti) zilienda siku ya pip install tu. Sasa natumia hotspot ya simu bila mega hata moja, na mama wa Kadutu anaandika deni ya kilo tano akiwa amesimama kwa mizani, mashini yangu iko chini ya meza.