Kozi ya uandishi wa michezo hapa Dom, nimeimaliza nawaambia ukweli

Nimemaliza digrii UDOM mwaka jana nikakaa home naangalia mpira tu, mwisho nikajitosa kwenye kozi fupi ya uandishi wa michezo, chuo chenyewe sikitaji. Wiki sita. Darasani hamna kitu, ticha anasoma slaidi mpaka unasinzia, na kamera tuliyoahidiwa ilikuwa moja watu 20, betri yenyewe haikai. Ila Jumamosi walipotupeleka Jamhuri kwenye mechi ya Dodoma Jiji, aisee! Tumekaa juani na madaftari, ticha mwingine (huyu mtangazaji kweli) anakukazia uandike dakika, nani katoa pasi, kadi, sabu, halafu filimbi ya mwisho ikilia una dakika 10 tu umrushie ripoti WhatsApp. Mimi mfungaji nilimweka aya ya nne, akaniuliza "sasa goli unamficha msomaji la nini?" Nilicheka lakini iliniingia. Kilichoniudhi, ithibati (kile kibali cha kufanya kazi ya uandishi wa habari) hawakuigusa kabisa, na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inaitaka, nimekuja kusikia mtaani. Nyota tatu, zote za yule ticha wa uwanjani.