Kijiwe cha kahawa nyuma ya stendi ya Moshi: njoo na swali la sera

Kahawa ni chungu, ya moto kweli, shilingi 200 kikombe, na kashata zake za karanga ni mpya kila siku. Mabenchi ni mawili tu, kwa hiyo ukichelewa utakunywa umesimama. Kinachonirudisha hapa kila msimu wa kampeni ni mzee anayemimina.

Nilifika mara ya kwanza 2015. Magazeti yalijaa "mafuriko" ya watu kwenye mikutano ya Lowassa na pushapu za Magufuli jukwaani, wagombea urais wa mwaka ule, nami nikaanza kubishana nani kajaza uwanja zaidi. Mzee akaniwekea kikombe. "Mwanangu, huyo wako kasema nini kuhusu maji?" Nilikosa jibu. Mkutanoni nilikuwepo, kofia ya bure nilivaa, msanii aliyetumbuiza namkumbuka. Hata matokeo, asilimia 58.46 za Magufuli kwa 39.97 za Lowassa, bado ninayo kichwani. Habari ya maji sikuisikia, au ilisemwa nikiwa napiga picha.

Chini ya meza anaweka ilani za vyama, zina madoa ya kahawa, pembeni kachora mistari kwa penseli ya seremala. Siku moja nilimkuta akimsomea mkulima wa Kibosho ukurasa unaohusu kahawa, sentensi moja moja, na kila baada ya sentensi mkulima anauliza: hela zitatoka wapi? Walikaa na ukurasa ule hadi birika likaisha. Mzee mwenyewe alinieleza kwamba 1995 alikuwa kwenye kundi lililosukuma gari la Mrema, mgombea urais wa upinzani. "Mabega yaliniuma wiki nzima. Bei ya kahawa sikumuuliza."

Msimu uliopita nilisikiliza kipindi cha uchaguzi cha redio moja ya huku kaskazini. Saa nzima ilienda kwa nyomi, nani kahama chama, nani kamzidi nani ujanja. Mama mmoja akapiga simu kuuliza kuhusu soko la mboga, mtangazaji akamwambia, "Mama, tubaki kwenye mada." Iliniuma sana. Yule mama ndiye pekee aliyekuwa kwenye mada.

Ninakipendekeza kijiwe hiki kwa moyo wote, hasa kwa waandishi wa habari wanaopita stendi. Kinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Magazeti unaweza kuazima. Ilani haziondoki benchini.