Uzoefu wangu: samaki wachangamfu kwa tangi la lita 180

Tangi langu lina urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kimo cha 45, yaani lita 182 likijazwa hadi ukingoni, ingawa baada ya kuweka mchanga na mawe maji yenyewe hubaki kama lita 150. Lilitengenezwa na fundi vioo wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam kwa kioo cha milimita 8, na kwa mwaka wa tatu sasa halijavuja hata tone. Ninaandika kuhusu wakazi wake, kwa sababu kuwapata kumenigharimu muda, fedha na majuto ambayo mwingine anaweza kuyaepuka.

Nilichokitaka tangu mwanzo ni samaki ambao mtu akirudi kutoka kazini na kuketi mbele yao, nao wanageuka kumtazama. Rangi kwangu lilikuwa jambo la pili. Nilimweleza hivyo muuzaji wa kwanza, naye akaniuzia oska, samaki wa Amazon ambaye wataalamu humwita Astronotus ocellatus, akiwa na urefu wa kama sentimita 5, na akanihakikishia kwamba samaki hukua kulingana na ukubwa wa tangi. Hilo si kweli. Oska aliyekomaa huvuka sentimita 30 na akitunzwa vyema huishi zaidi ya miaka 10. Tangi likiwa dogo hadhibitiwi ukubwa, bali anadhoofika kiafya. Wangu alivuka sentimita 20 kabla ya kutimiza miezi tisa.

Kwa uchangamfu sina neno baya la kumsema. Alizifahamu hatua zangu, alikuja kioo cha mbele nilipofungua mlango, na alipokuwa na njaa alining'inia karibu na uso wa maji akinitazama mpaka nimpe. Lakini samaki wa urefu huo hawezi kugeuka kwa raha katika tangi lenye upana wa sentimita 45, na kinyesi chake kilizidi uwezo wa chujio langu, hata amonia, sumu itokanayo na kinyesi, ikawa inaonekana kwenye vipimo siku mbili tu baada ya kubadilisha maji. Nilimpeleka kwa mfugaji wa Bagamoyo mwenye hodhi kubwa la saruji. Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni ya kweli, na tangu siku hiyo swali langu la kwanza dukani ni urefu wa samaki akiwa mkubwa, wala si urefu wake siku ya kununua.

Baada yake nilijaribu gapi na tetra neoni, samaki wadogo wa rangi wanaofugwa kwa makundi. Wanapendeza, na kwa anayetaka kundi linalometameta jioni hawana kasoro. Mimi waliniacha mpweke, kwa kuwa samaki wa kundi hutazamana wao kwa wao, na mtu mbele ya kioo kwao ni mleta chakula au ni hatari, basi.

Nilipata jibu nilipoacha kutafuta Amerika ya Kusini nikaangalia kwetu. Samaki tunaowaita sato na perege, na furu wa Ziwa Victoria, ni wa jamii moja na mamia ya aina zinazoishi Ziwa Tanganyika, nyingi zikiwa hazipatikani mahali pengine popote duniani. Katika ziwa hilo moja yumo kuhe, ambaye ni mmoja wa wakubwa kabisa katika jamii hiyo, na wamo pia baadhi ya wadogo kabisa, wale wanaoishi ndani ya maganda matupu ya konokono yaliyotapakaa chini ya maji. Kinachowaunganisha ni malezi. Hawatagi mayai na kuyaacha, bali hulinda makazi, hulea watoto, na hivyo hulazimika kujua nani ni jirani na nani ni mgeni. Mwaka 2015 watafiti wa Osaka, Japani, walichapisha utafiti kuhusu Neolamprologus pulcher wa Tanganyika ukionyesha kwamba humtambua jirani yake kwa mabaka ya usoni, na humwangalia mgeni kwa tahadhari zaidi. Niliposoma hayo nilielewa kwamba uchangamfu niliokuwa nikiutafuta hauhitaji mwili mkubwa. Unahitaji samaki mwenye nyumba ya kulinda.

Nilimchagua Lamprologus ocellatus. Dume hufika kama sentimita 6, jike ni mdogo zaidi, na kwenye kifuniko cha shavu kuna doa jeusi lenye ukingo wa dhahabu, kana kwamba ana jicho la pili. Niliwanunua wanne kwa mfugaji anayewazalisha mwenyewe, kila mmoja kwa bei inayokaribia kilo mbili za sato sokoni. Sikununua siku ya kwanza. Nilisimama mbele ya tangi lake bila kusogea kwa dakika kumi, kisha nikapitisha kidole polepole juu ya kioo, nikatazama nani anakifuata na nani anajificha asitoke tena. Niliomba walishwe mbele yangu. Niliwaacha wenye tumbo lililobonyea na wenye mapezi yaliyobanwa mwilini, hata kama rangi yao ilikuwa nzuri zaidi. Kwa samaki wa aina hii dakika hizo kumi zina thamani kuliko maelezo yoyote ya muuzaji.

Kosa nililofanya ni kuamini kwamba dume alikuwa mmoja tu na wote watatu waliobaki walikuwa majike. Wakiwa wadogo ni vigumu kuwatofautisha. Kadiri wanavyokua, ukingo wa pezi la mgongoni huwa wa rangi ya dhahabu kwa dume na mweupe kwa jike, na mmoja wa hao watatu alipoanza kuonyesha dhahabu, vita vilianza. Nilimkuta asubuhi amejibana juu kwenye kona karibu na bomba la chujio, mkia umechanika. Nilimrudisha kwa mfugaji siku ileile. Anayeanza anunue vijana sita, kisha awe tayari kuwaondoa madume wa ziada mapema, au anunue jozi iliyokwisha kutaga.

Mandhari yao ni rahisi. Nilichukua mchanga laini wa mto, nikauchekecha na kuuosha mpaka maji yakatoka meupe, nikautandaza kwa kina cha sentimita 6. Juu yake niliweka maganda tisa ya konokono, ili kila samaki apate zaidi ya moja na makazi yaachane kama sentimita 30. Mdomo wa ganda lazima utoshe samaki kuingia na kugeuka. Mimea sikuweka, kwa sababu hung'olewa yote.

Wiki ya tatu niliona jambo ambalo mpaka leo huwaitia wageni. Dume alilichagua ganda la kushoto, akaanza kuchota mchanga chini yake kwa mdomo na kuutema kando, mdomo baada ya mdomo, akizunguka upande kwa upande ili ganda lizame sawasawa. Lilipozama nusu, aligeuka, akaelekeza mkia kwenye ganda na kutikisa mwili kwa nguvu, mchanga ukaruka na kulifunika. Ilimchukua jioni nzima. Asubuhi palibaki tundu tu usawa wa mchanga, na yeye juu yake ameshika zamu. Watoto wangu walimpa jina la Mjumbe, kwa jinsi anavyopita nyumba kwa nyumba kukagua mtaa wake, na jina limemkaa. Nilipohamisha ganda moja kwa vidole viwili ili kusafisha, alilichunguza kwa dakika kadhaa kisha akalizika upya palepale nilipoliacha, akalielekeza upande alioutaka yeye.

Mkono wangu ukiingia majini haukimbii. Huja moja kwa moja na kuuma kidole, kichwa kimeinama na mashavu yametanuliwa ili yale madoa mawili yaonekane. Hauumizi hata kidogo, lakini kuona kiumbe wa sentimita 5 akikabili mkono mzima kwa ajili ya nyumba yake ni jambo linalonigusa kila mara. Nikiketi, hutoka na kusimama mbele ya kioo. Akiketi mgeni, hurudi mdomoni mwa tundu na kumtazama kwa mbali, na humchukua mgeni huyo siku mbili tatu za kuja na kukaa kimya kabla ya kukubaliwa. Sidai kwamba utafiti wa Osaka unahusu nyuso za binadamu. Ninasema nilichokiona sebuleni kwangu kwa miezi kumi na minane.

Zipo shida ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua kabla. Wiki mbili za kwanza hutamwona karibu samaki yeyote. Nusura niwarudishe, nikidhani nimeuziwa wagonjwa, kumbe walikuwa wakizoea. Pia jike aliyedhoofika hana pa kukimbilia iwapo maganda ni machache, kwa hiyo ukihesabu maganda, zidisha. Samaki wa kuogelea juu wanaweza kuongezwa katika tangi la ukubwa huu, lakini wasiwe wa kushindania mchanga, na mimi niliamua kutoongeza yeyote.

Maji ndiyo suala lililonipa kazi zaidi na ndiyo yanayoamua kama samaki hawa wanakufaa. Ziwa Tanganyika lina maji magumu, yaani yenye madini mengi, yenye pH (kipimo cha uasidi wa maji) inayopanda hadi karibu 9, na joto la nyuzi 24 hadi 27. Bahati yangu ni kwamba maji ya kisima cha nyumbani kwetu ni magumu na pH yake ni 8.2, kwa hiyo sikuhitaji kuongeza chochote. Tatizo langu ni joto. Mwezi wa Februari tangi lilifika nyuzi 31, na kwa kuwa maji yenye joto hubeba hewa kidogo, samaki walianza kuhema haraka. Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji ilishusha nyuzi mbili kwa mvukizo, nami hujazia maji yaliyopungua kila asubuhi. Hita sijawahi kuinunua. Nilichonunua, baada ya umeme kukatika usiku mmoja kwa saa saba, ni pampu ya hewa yenye betri inayojiwasha yenyewe, na ningemshauri kila mfugaji wa mji huu aanze nayo kabla ya kununua taa nzuri.

Kabla ya samaki kuingia, chujio lilifanya kazi wiki tano nikilisha tangi tupu amonia kidogo kidogo, mpaka bakteria wakaweza kuigeuza kuwa nitriti na kisha nitrati, na vipimo vya amonia na nitriti vikasoma sifuri. Kwa oska sikufanya hivyo na nililipa. Sasa hubadilisha asilimia 20 ya maji kila wiki, na kwa walio na maji ya bomba, dawa ya kuondoa klorini si ya kuikwepa. Chakula chao ni punje ndogo zinazozama, na mara mbili kwa wiki viluwiluwi wa mbu ninaowachota kwenye ndoo ya nyuma ya nyumba na kuwalisha siku hiyohiyo wasije wakageuka mbu. Dagaa wa kusaga niliacha, kwa sababu mafuta yake yalifanya utando juu ya maji.

Kwa mwenye maji laini, kwa mfano anayetegemea maji ya mvua, singemshauri apigane na kemia kila wiki. Kwa tangi la lita 180 jozi ya akara wa buluu, Andinoacara pulcher, itamfaa. Hukua hadi kama sentimita 15, ni watulivu kuliko wengi wa jamii yao, na humfuata mtu kioo kwa kioo karibu kama oska. Anayependa kutazama mtaa mzima kuliko kumjua mmoja, na ana maji magumu kama yangu, achukue Neolamprologus multifasciatus, ambao ni wadogo zaidi na huishi vizazi kadhaa pamoja kwenye lundo moja la maganda.

Mimi ninabaki na Mjumbe. Jumanne iliyopita jike wa kona ya kulia, ambaye kwa wiki moja na nusu alikuwa hatoki isipokuwa kula, alisogea kando kidogo, na kwenye mdomo wa ganda niliona vitu kama punje za ulezi vikipanda na kushuka. Nilihesabu kumi na saba. Dume alipokaribia alifukuzwa, akatii, akaenda kukaa mpaka wa upande wake. Nimepunguza kasi ya chujio na kumwomba mfugaji aniwekee nafasi, kwa kuwa baada ya miezi michache vijana hao watahitaji tangi la kwao.