Kujifunza msuko na taharuki kupitia Gone Girl: uzoefu wangu

Nafundisha fasihi, na kila mwaka tunapofika kwenye mbinu za kisanaa naona wanafunzi wakikariri majina (taharuki, yaani hamu ya kujua kitakachofuata; kinaya, yaani mambo kwenda kinyume na matarajio; mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kusimulia yaliyopita) bila kuona kazi ambayo kila mbinu inafanya ndani ya hadithi. Ndiyo maana nilinunua Gone Girl, riwaya ya Mmarekani Gillian Flynn iliyotoka mwaka 2012, nikaisoma mara mbili mfululizo. Ili kueleza nilichokipata sina budi kufichua siri yake, kwa hiyo anayetaka kuisoma bila kujua mwisho wake aishie hapa.

Asubuhi ya Julai 5, 2012, siku wanayotimiza miaka mitano ya ndoa, Amy Dunne anatoweka nyumbani kwao Missouri. Sura zinapokezana: Nick, mumewe, anasimulia kuanzia siku hiyo kwenda mbele, huku shajara ya Amy ikianzia Januari 2005, walipokutana. Katika usomaji wa kwanza niliichukua shajara hiyo kuwa mbinu rejeshi ya kawaida, nikaiamini kwa sababu tu kila siku ilikuwa na tarehe yake. Sehemu ya pili inapofunguka tunamkuta Amy akiwa hai, na shajara niliyoiamini aliitunga mwenyewe ili polisi waipate na mumewe aonekane muuaji.

Niliporudia kusoma nilishika penseli mbili: nyekundu kwa kila jambo lililothibitishwa na mhusika mwingine, ya buluu kwa lililosimama juu ya neno la Amy peke yake. Nilitarajia shajara yote iwe ya buluu, lakini sivyo ilivyokuwa. Mfano nilioutafakari zaidi ni wa bunduki. Amy anaandika kwamba hofu ilimfanya atafute silaha, na katika upande wa Nick, mtu anayeishi kwenye jengo la maduka lililotelekezwa anasema kwamba kweli Amy alifika kuulizia. Ukurasa ule ukabaki na rangi mbili: safari ni ya kweli, hofu ni ya kubuni. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi mwandishi anavyoushona uongo kwa uzi wa ukweli, na kwa nini msomaji anayetafuta ushahidi ndiye anayenaswa zaidi.

Nick naye si wa kuaminiwa, ila kwa namna nyingine. Anatuhesabia wazi uongo anaowaambia polisi, lakini anatuficha kwa kurasa nyingi kwamba ana mpenzi wa nje. Mmoja anazua, mwingine ananyamaza, na taharuki ya sehemu ya kwanza inazaliwa katikati yao. Sijapata mfano bora zaidi wa kufundishia usimulizi wa nafsi ya kwanza, yaani ule wa "mimi".

Kuelekea mwisho riwaya haikunikolea vile. Desi, mpenzi wa zamani ambaye Amy anamkimbilia baada ya kuibiwa fedha zake, nilimwona kama mtu aliyewekwa pale ili msuko, yaani mpangilio wa matukio, upate njia ya kumrudisha Amy nyumbani. Hana uhai walio nao wahusika wengine. Kitabu pia kina matusi na maelezo ya mambo ya chumbani, hivyo sikiwapi wanafunzi wa sekondari kizima. Niliwasomea kwa sauti siku chache za shajara pamoja na sura ya Nick inayofuatana nazo, nikawaachia penseli mbili. Mwanafunzi mmoja, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, aliuliza kama mwandishi wa shajara anaweza kuandika siku zote kwa siku moja. Kipindi kizima kilichobaki tulilijadili swali hilo.

Filamu yake ya mwaka 2014, ambayo mswada wake uliandikwa na Flynn mwenyewe, ni nzuri, ila kwa anayetaka kusoma mbinu namshauri aanze na kitabu, tena akiwa na nakala yake mwenyewe anayoweza kuipigia mistari.