Waklingoni walivyonila elfu tano

Nianze na kijana wa kibandani, maana ndiye aliyeniwasha mpaka nikakaa kuandika haya.

Kibanda chenyewe kipo karibu na kituo cha daladala. Kompyuta mbili, feni moja, na spika inayowapigia kelele hata wasio wateja. Unapeleka flashi, unachagua, anakurushia. Wiki kadhaa nyuma nilimpelekea ya kwangu nikataka Star Trek mbili, zile tamthilia za meli za angani: ile ya zamani ya kina Nahodha Kirk na msaidizi wake Spock, iliyorushwa Marekani kuanzia 1966 hadi 1969, na ile iliyoanza 2017 inayoitwa Discovery. Mpwa wangu kila tukikutana ananiambia, "Anko, umekwama makumbusho," basi nikasema leo nitaziangalia zote mbili nijue mwenye haki nani. Kijana akanipa bei: mpya elfu tano, ya zamani chukua tu mzee wangu, haina mteja.

Bure. Naomba mkumbuke hilo.

Jioni nimeoga, nimekula, nikachomeka flashi nikaanza na mpya. Limetokea jicho, halafu uso. Uso wa Mklingoni, wale watu wa sayari nyingine wanaopigana na binadamu, umejaa kioo kizima, anazungumza Kiklingoni. Nikasubiri maandishi ya tafsiri yatokee chini. Hayakutokea. Mklingoni akaendelea, taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma risala ya mgonjwa. Wenzake wakamwitikia kwa Kiklingoni hicho hicho. Nikaminya rimoti kila kitufe. Nikachomoa flashi, nikaipuliza, nikairudisha. Mklingoni akaanza upya risala yake. Mke wangu akauliza kutoka jikoni, "Huyo anaumwa nini?"

Na kila walipokuja binadamu wa kawaida nikapata matumaini, baada ya dakika chache tunarudishwa kule gizani kwenye meli ya Waklingoni, na lile lidomo la plastiki linalosogea kwa shida kama mtu katoka kung'olewa jino.

Kesho yake nikaenda kibandani. Kijana kaniamkia vizuri, shikamoo mzee, marahaba. Nikamweleza. Hakunyanyua macho kwenye kompyuta. Nikamwambia, mwanangu, kuna watu mule ndani wanaongea na mimi sijui wanasema nini, hii elfu tano ni ya nini sasa? Akanitazama, akacheka kidogo, akasema:

"Mzee wangu, hizi siyo za kuelewa. Hizi ni za kuangalia."

Waliokuwa wanasubiri zamu wakaangua kicheko. Mmoja akashauri nipelekwe kibanda umiza nikatafsiriwe.

Nilirudi nyumbani masikio yamepata moto. Nikafungua ile ya bure kwa hasira tu, ili mradi umeme ninaoulipia usiende kazi bure. Mjukuu alikuwa amelala pale pale sebuleni, kwa hiyo sauti niliiweka chini kabisa, karibu na hakuna. Na faili la zamani nalo halikuwa na maandishi ya tafsiri. Sasa angalieni kilichotokea.

Ilikuwa ile episodi ya mwaka 1966 ambamo meli ya Kirk inawindana na meli ya Waromula, adui ambaye binadamu walipigana naye miaka mia nyuma bila kuwahi kumwona sura. Inaanza na harusi. Bibi harusi na bwana harusi wamesimama, Kirk ndiye mfungishaji, king'ora kinalia, harusi inakatika. Mke wangu akakaa. Yeye Kiingereza hana habari nacho. Wanakimbizana, wanajificha, halafu kwa mara ya kwanza wananasa picha ya ndani ya meli ya adui. Kamanda wa Waromula anageuka, na masikio yake yamechongoka vile vile kama ya Spock.

Hakuna anayesema kitu. Kamera inapita uso kwa uso. Watu wanageuza shingo polepole kumtazama Spock, mwenzao wanayekula naye siku zote, na yeye kanyanyua nyusi tu.

Mke wangu akasema, "Ah! Sasa watamdhania jasusi."

Ndivyo ilivyokuwa. Yupo mmoja, Stiles, ambaye ukoo wake uliteketea kwenye vita ile ya zamani. Anaanza kumchoma Spock kwa maneno na Kirk anamkatisha palepale. Baadaye meli zote mbili zinazima kila kitu na kunyamaza, kila upande unamsikilizia mwenzake, na watu wanakwenda kwa kunyata kana kwamba angani sauti inasafiri. Upuuzi, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimebana pumzi, tena si kwa ajili ya mjukuu. Mwisho Spock anamwokoa Stiles huyo huyo. Na bwana harusi anakufa. Mke wangu alinyanyuka bila kusema neno akaenda kufunga milango ya nje, ambayo ilishafungwa.

Episodi moja, sauti imezimwa nusu, bila tafsiri, na mtu asiyejua lugha ameelewa yote. Halafu naambiwa si za kuelewa!

Najua mtaniambia vifaa vyao vilikuwa vya maboksi. Ni kweli. Milango inayofunguka yenyewe ilikuwa inavutwa na watu waliojificha nyuma. Ule mtambo wa kuwayeyusha watu na kuwatokeza kwenye sayari ulibuniwa kwa sababu kuonyesha meli ikitua kila wiki kungewamaliza pesa. Vifaa vya matibabu vya Dokta McCoy vingine ni vichupa vya chumvi vya mezani. Walivitafuta kwa ajili ya episodi ya dubwana linalonyonya chumvi ya watu, wakaona maumbo yake ni ya ajabu mno, mtazamaji hatajua ni chumvi, basi vikageuzwa dawa. Na lipo lile dude la mgodini, la mwaka 1967, linalotambaa kama chapati iliyoungua iliyopata miguu. Nimelicheka kweli. Mpaka Spock alipoliwekea mikono akasoma mawazo yake na ikajulikana kuwa ni mama, na yale mabonge ambayo wachimbaji walikuwa wakiyavunja ni mayai yake. Nikaacha kucheka. Hiyo mpya ina pesa ya kutengeneza nyota nzima ikilipuka, na mimi nimekaa nawaza kama taa ya jikoni nimezima.

Na sisi Waswahili tuna deni letu mule. Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano kwenye meli ya Kirk, aliyechezwa na Nichelle Nichols, jina lake limechongwa kutoka kwenye uhuru, limelainishwa mwisho tu. Katika ile ya dubwana la chumvi, dubwana linamjia Uhura kwa sura ya mwanamume mweusi na kumsemesha Kiswahili. Kuna na nyingine, ya 1967, mashine imemfuta kumbukumbu zote, anafundishwa kusoma upya kama mtoto wa chekechea, na akikwama anaangukia Kiswahili. Lafudhi tuiache. Lakini fikiria Marekani ya miaka ile, runinga ya taifa zima, dada mweusi amekasirika na hasira zinamtoka kwa Kiswahili.

Hapa ndipo nilitaka kuhukumu na kufunga faili. Bahati mbaya mpwa akaja Jumapili na kompyuta yake, tafsiri zipo, mambo safi, akaniwekea Discovery upya. Sawa. Nikiri. Yule Mklingoni anachosema kina maana: anawatahadharisha watu wake kuwa wanaokuja kwa salamu za amani watawameza. Siyo mjinga. Nikaanza kulegea. Halafu wakanieleza kuwa huyu Michael Burnham, mhusika mkuu, amelelewa na wazazi wa Spock. Dada yake! Kwenye ile ya zamani, mwaka 1967, baba na mama wa Spock walipanda hadi kwenye meli, kisa kizima kinawahusu wao na mtoto wao, na hakuna aliyeuliza hata "dada yako hajambo?" Huwezi kuingia kwenye ukoo wa watu baada ya miaka hamsini ukajiandika kwenye mirathi. Nikamwambia mpwa azime.

Hakuzima. Akaweka nyingine, Strange New Worlds, ya 2022, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Uhura yumo, kijana mbichi, anatoka Kenya, amechezwa na Celia Rose Gooding. Nahodha amewaalika chakula, wote wako mezani, na Uhura anaulizwa mambo ya kwao, anasimulia jinsi familia yake ilivyokufa ajalini. Meza nzima kimya. Kimya kile kile! Baadaye anaimba kwa kuguna mbele ya jiwe kubwa lililo ndani ya nyota yenye mkia, na jiwe linamjibu. Nilitoka nje kidogo. Vumbi.

Kwa hiyo nilichosema juu kuhusu mpya, kipunguzeni. Au msikipunguze, maana mwisho wa msimu wa kwanza wa hiyo hiyo Strange New Worlds wamechukua ile episodi yangu ya Waromula wakaicheza upya na nahodha mwingine, ilhali kwenye ile ya zamani Kirk na Kamanda wa Waromula walikuwa watu wawili tu waliochoka, kila mmoja kwenye kiti chake. Wapya wamejaza anga meli hadi sikujua nimtazame nani. Mpwa anasema ndiyo nzuri kuliko zote. Mke wangu yuko upande wa mpwa. Nyumba imegawanyika.

Juzi nikarudi kibandani. Nimekaza uso, nikataka msimu wa tatu wa ile ya zamani, wa kwanza na wa pili nishamaliza. Kijana akaitafuta, akaipata, akasema elfu tano.

Nikamwambia si ulisema hii ni bure, haina mteja?

"Sasa hivi ina mteja, mzee wangu."

Nikalipa. Ndio ule msimu unaoanza na Spock kuibiwa ubongo.