Web Soil Survey: kabla hujakodi shamba Iowa, fungua hii kwanza

Ndugu zangu mnaolima au mnaotaka kuanza kulima mboga huku Iowa, hasa sisi wa Des Moines, Ames na vimji vya pembeni, hii huduma ni ya bure kabisa na watu wetu wengi bado hawaijui. Inaitwa Web Soil Survey, ni ya wizara ya kilimo ya Marekani, kile kitengo chao cha kuhifadhi udongo na maliasili kinachoitwa NRCS, na iko mtandaoni tangu 2005. Unaingia, unabonyeza kitufe kikubwa cha kijani, unaandika anwani ya shamba, unachora mstari kuzunguka kipande unachokitaka, alafu inakuletea ramani ya aina zote za udongo zilizopo hapo, kila moja na jina lake na habari zake zote, yaani kina chake, mfinyanzi ni kiasi gani, pH (kipimo cha asidi, 7 ni katikati, juu ya hapo ni chokaa chokaa), maji yanapita vipi, mpaka mwezi gani maji ya chini yanapanda karibu na juu. Hakuna kujisajili. Kuna sehemu wameiita kikapu cha manunuzi lakini msiogope, haulipi hata senti, unakusanya tu kurasa zako zinakuwa ripoti moja unaishusha.

Naipa nyota 4 kati ya 5, na sababu kubwa ni moja: hii ramani inakuokoa usikodi kona nyeusi.

Mnajua ilivyo. Mtu katoka Kigoma au Uvira au Ruyigi, amezoea udongo mwekundu unaohitaji samadi kila msimu, anafika hapa anaonyeshwa shamba tambarare, udongo mweusi tii, hauna jiwe, anaushika mkononi na anaona hapa ndo penyewe, analipa. Ikifika Juni mvua za hapa zikipiga siku mbili tatu mfululizo, lile shamba linakuwa bwawa, mchicha unageuka njano, nyanya chungu zinadumaa, na wakati huo jirani aliyechukua kile kimwinuko ambacho udongo wake ulionekana wa kahawia kahawia anavuna kama kawaida. Hiyo kona ilikuwa nyeusi zaidi kwa sababu imekaa na maji maelfu ya miaka. Majani yakifa sehemu yenye maji hayaozi yakaisha, hewa haipo, kwahiyo mboji inajilundika na weusi unaongezeka. Uzuri upo, sikatai, ila unakuja na maji yake.

Ili muelewe ramani inasema nini inabidi mjue hii ardhi imetoka wapi. Nusu ya juu ya katikati ya Iowa ilifunikwa na ulimi mkubwa wa barafu ulioshuka kutoka kaskazini kupitia Minnesota ukaja kuishia hapa hapa Des Moines mjini, wataalamu wanaita Des Moines Lobe, ni kama miaka 12,000 hadi 15,000 iliyopita, kwa mambo ya ardhi hiyo ni juzi tu. Ile barafu ilikuwa inasaga miamba njiani, chokaa, mawe laini ya tope lililogandamana, mpaka granite za huko mbali Kanada, ikayeyuka ikamwaga kifusi chote palepale, mfinyanzi, mchanga, vumbi laini, changarawe na mawe vimechanganyika kama zege ambalo halijawekwa simenti. Maji ya mto yangepanga mchanga huku na mawe kule, barafu haipangi. Ndo maana ukichimba hapa unakuta tifutifu nzuri na katikati yake jiwe la pinki la ukubwa wa kichwa ambalo halina ndugu Iowa nzima. Na kila baada ya winta mawe mengine yanasogezwa juu na kuganda na kuyeyuka kwa udongo, wazee wa kizungu hapa walikuwa wanayaokota kila masika wanayalundika kwenye mipaka ya shamba.

Juu ya hicho kifusi ikaota nyika ya majani marefu, mizizi inashuka futi 6 na zaidi, inakufa inaota tena, maelfu ya miaka, na huo ndo mboji tunaoukuta leo. Ile nyika yenyewe imebaki chini ya asilimia 0.1 ya ilivyokuwa Iowa, inauma kusema, kila mahali ni mahindi na soya.

Faida kubwa ya udongo mchanga kwa umri (sio mchanga wa kujengea) ni kwamba madini hayajaoshwa. Kule kwetu miamba imepigwa na mvua na joto kwa muda mrefu mno, kalsiamu na magnesiamu zimeshuka na maji, udongo umebaki na chuma na asidi. Hapa chokaa bado ipo, ukichimba kwenye futi 3 hivi ukaweka siki kali kwenye kipande cha udongo wa njano wa chini utaona kinatoa mapovu. Jaribuni.

Sasa kwenye ramani. Ukichora shamba la kawaida kaunti ya Polk au Story au Boone utakutana na majina ya udongo yale yale, Clarion, Nicollet, Webster, Canisteo, Harps, Okoboji. Hizo zote zimetokana na kifusi kilekile na mabaki yake, tofauti kubwa ni zimekaa wapi kwenye mteremko, na mteremko wenyewe unaweza kuwa mdogo mpaka macho hayaoni, futi chache tu za kupanda na kushuka.

Clarion iko juu, kwenye vimwinuko. Maji yanapita vizuri, mboji asilimia 3 au 4 hivi, na inashika maji vizuri sana, kwenye futi 5 za udongo inaweza kuweka kama inchi 10 za maji ambayo mmea unaweza kuyanywa, kwahiyo hata Julai mvua ikikatika wiki mbili hauoni mboga inalia. Kwangu mimi Clarion ndo udongo wa mwafrika anayelima mboga hapa, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, lengalenga, vyote vinapenda joto na Clarion inawahi kupata joto masika maana haina maji mengi. Angalieni tu isiwe ile ya mteremko mkali iliyolimwa ovyo miaka mingi, kuna utafiti ulitoka 2021 ulionyesha kwamba kama theluthi moja ya eneo linalolimwa kwenye ukanda wa mahindi (yale majimbo ya katikati ya Marekani, Iowa ikiwemo) limepoteza tabaka lote la juu, na hasara iko zaidi kwenye vilele vya vilima. Ukiona kichwa cha kilima kimepauka rangi ya njano hapo mnalipia mabaki.

Nicollet iko katikati ya mteremko, mwinuko asilimia 1 hadi 3, nyeusi zaidi, ina unyevu kidogo masika alafu inakaa sawa. Ukiipata chukua usiulize mara mbili.

Webster ndo ile tambarare nyeusi inayodanganya watu. Mboji asilimia 6 au 7, kwa chakula cha mmea haina mpinzani, lakini maji ya chini yanakaa karibu na juu mpaka masika inaisha. Ukichimba chini ya weusi unakuta rangi ya kijivu na madoa ya kutu, hiyo kijivu ni chuma kilichokosa hewa. Canisteo ni dada yake ila ina chokaa mpaka juu. Harps inakaa kama pete kuzunguka vibonde, chokaa imejaa kwa sababu maji yanapanda pembeni ya kibonde yanakauka yanaiacha pale, pH inakuwa 8 hivi, na hapo maharage na soya vinageuka njano mishipa ikibaki kijani, mmea unashindwa kuchukua chuma. Watu wanakimbilia kuongeza mbolea ya naitrojeni wakidhani ni njaa, wakati ni udongo wenyewe. Na Okoboji ni kibonde chenyewe, kile ambacho barafu ilikiacha bila njia ya kutoa maji. Msikodi Okoboji. Bata watakodi.

Kuna kitu kingine ambacho hii huduma inatoa kwa Iowa, inaitwa CSR2, ni alama mpaka 100 inayosema shamba linafaa kiasi gani kwa mahindi, na bei za kuuza na kukodisha ardhi hapa zinafuata hiyo namba sana, utasikia wenye mashamba wanaitaja kwenye simu kabla hata hujauliza. Nicollet inacheza karibu na 90, Okoboji inashuka kwenye 60 hivi. Sasa Webster nayo utaiona iko juu, kwenye themanini na kitu, na hapa naomba msome polepole: hiyo namba imewekwa kwa kuchukulia kwamba shamba lina mabomba ya kutoa maji chini ya ardhi pale yanapohitajika, yale wanaita taili, zamani yalikuwa ya udongo wa kuchoma siku hizi plastiki yenye vitobo. Kama mabomba hayapo, au yapo ya zamani yamevunjika na hakuna aliyeyatengeneza, ile namba haikuhusu. Ramani haikuonyeshi mabomba, hilo ni swali la kumuuliza mwenye shamba uso kwa uso: taili ipo? Inamwaga maji wapi? Mara ya mwisho ilitengenezwa lini? Akianza kuzunguka zunguka, punguzeni bei au ondokeni.

Raha nyingine ya hii kitu ni kulinganisha. Chora kipande kaskazini ya mji alafu chora kingine kusini, kaunti ya Warren kwa mfano. Kule ile barafu ya mwisho haikufika, kifusi cha huko ni cha barafu za zamani mno, zaidi ya miaka 500,000, juu yake limekuja vumbi la upepo, na kwenye miteremko pale vumbi lilipoondoka unakutana na majina kama Adair na Clarinda ambayo ni mfinyanzi mzito uliozeeka, maji yanachuruzika kwenye ubavu wa kilima. Umbali ni wa nusu saa kwa gari na ni ardhi nyingine kabisa. Bei ya kukodi huko ikiwa rahisi sasa mnajua kwanini, ila kwenye vilele vyenye vumbi nene bado kuna udongo safi sana, na ramani itawaonyesha ni wapi.

Nyota moja niliyoinyima. Kwanza yote iko kwa kiingereza, tena kile kigumu, mama zetu hawawezi kuitumia peke yao bila kijana wa kukaa nao. Pili kwenye simu inasumbua, ni kitu cha kompyuta. Kwa simu tumieni SoilWeb, imetengenezwa na chuo cha UC Davis pamoja na hao hao NRCS, data ni ile ile, unasimama shambani inasoma GPS inakwambia umesimama juu ya udongo gani na kamchoro ka matabaka yake kanatokea, mi ndo naipenda kuliko. Tatu, na hii ni ya maana, ramani zilichorwa kwa kuangalia mashamba makubwa, skeli ni kati ya 1:12,000 na 1:24,000 kwa sehemu kubwa ya eneo hili, kwahiyo kipande kidogo cha chini ya ekari moja kwa kawaida hakichorwi chenyewe, kinamezwa na jirani yake. Wenyewe wanakuwekea onyo ukivuta karibu sana. Na sisi wengi tunalima robo ekari! Ramani ikisema Clarion, bado kibonde kidogo cha Okoboji kinaweza kuwa katikati ya matuta yako.

Kwahiyo ramani mkononi, na jembe mkononi. Chimba futi 2 sehemu tatu nne, ukikuta kijivu karibu na juu usibishane nacho. Finyanga donge, likibaki limeshikana na kung'aa mwanzoni mwa Mei basi trekta lisiingie bado, ukilima huu mfinyanzi ukiwa na maji unapata matofali msimu mzima. Na mbolea usinunue kwa kusoma ramani, fosforasi na potasiamu za shamba lako zinategemea aliyelima kabla yako aliweka nini, hiyo ni kazi ya maabara, unapeleka udongo wa inchi 6 za juu uliochanganya kutoka sehemu nyingi.

Data wanaisasisha mara moja kwa mwaka, karibu na Oktoba, kwahiyo kama mtu amekupa ripoti ya zamani aliyoichapisha miaka ya nyuma, fungua upya mwenyewe uangalie, hasa hiyo CSR2 na alama za ramani, maana Iowa walizibadilisha na Clarion iliyokuwa 138B kwenye karatasi za zamani sasa sehemu nyingi za huku utaikuta imeandikwa L138B.